Mwaka wa Shati la Tonton Prosper

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa mpwa wa Madame Nuala, akanieleza kwa Kifaransa cha kusitasita kwamba shangazi yake amefariki akiwa na miaka tisini na minne, kwamba nyumba yake ya Jette, hapa Brussels, itauzwa, na kwamba picha zote zinafungwa zipelekwe Ireland. "Kuna moja ina jina lako nyuma," alisema. "Nimeona si vizuri iondoke kabla hujaiona." Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nimefundisha uuguzi zaidi ya miaka ishirini na nimezoea kuingia vyumba ambamo mtu amekwisha kufa, lakini kwenye ngazi za ghorofa ya tatu ya nyumba ile ilinibidi nisimame nishike ukuta. Picha zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kumi na mbili, zimegeuza migongo kama watoto walioadhibiwa. Mpwa alinigeuzia ile yangu, kisha akatoka akaniacha nayo. Sitaieleza bado. Kwanza nieleze mwaka wenyewe, na nitajaribu kuueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu kazi ya mikono: hatua kwa hatua, bila kuruka ile hatua ambayo nilikosea.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa kwanza wa shule ya uuguzi, nikikaa kwa shangazi yangu, Tantine Georgette, na mumewe, Tonton Prosper, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya Porte de Namur. Ukifungua dirisha la jikoni uliisikia Matonge yote, mtaa wetu sisi Wakongo: vikaushio vya saluni, redio tatu zikishindana, mtu akimwita mwenzake kwa Kilingala kutoka upande wa pili wa barabara. Tonton alifanya kazi katika hospitali kubwa kule Jette. Alisukuma vitanda. Alimtoa mgonjwa wodini akampeleka kwenye picha za eksirei, akamtoa huko akampeleka kwenye upasuaji, na njiani aliwatania mpaka wakasahau wanakokwenda. Ni yeye aliyenitafutia kazi kwa Madame Nuala, ambaye kila Jumatano alikuja pale kuwasomea wagonjwa magazeti. "Ule maman muzungu anatafuta mutoto wa kumusaidia nyumba," aliniambia huku tukila mezani bukari na kapenta, yaani ugali na dagaa wa kwetu. "Eko na roho mzuri. Ila anaongea sana. Utakuwa unafagia, yeye anaongea, mutaelewana."

Aliongea kweli. Madame Nuala alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Miaka thelathini alitafsiri nyaraka katika ofisi za Ulaya, na siku alipostaafu alifungua chumba cha juu cha nyumba yake, akatoa masanduku, akaanza kuchora. Chumba kilinuka mafuta ya rangi na supu ya vitunguu majani. Alioka mkate mweusi wa magadi na maziwa machachu, akakata vipande vinene kama tofali, akavipaka siagi bila huruma, na tulikula tumesimama mbele ya picha kwa sababu viti vyote vilikuwa na rangi mbichi. Picha zilikuwa za wanawake wa kwao. Chama cha Wairishi wa mjini kilikuwa kimemwahidi ukumbi kwa mwezi mzima, kuanzia Februari, na yeye aliahidi wanawake kumi na wawili: wa historia, wa hadithi za kale, na wa sanaa. Kila nilipopangusa vumbi alinisimamisha. Huyu alikuwa nahodha, alikuwa na meli zake na mabaharia wake, na alipokwenda kuonana na malkia wa Uingereza hakuinama. Huyu ni malkia wa zamani sana aliyeingiza nchi vitani kwa sababu mumewe alikuwa na fahali na yeye hana. Huyu ni mtakatifu. Aliomba ardhi ya kujenga nyumba ya watawa, mfalme akamcheka akamwambia achukue kiasi cha joho lake, naye akalitandaza joho likaenea bonde zima. Yule pale alikata vioo vya rangi vya makanisa katika siku ambazo wanaume walisema mwanamke hawezi kushika moto na risasi ya kuungia vioo. Yule mwenye mabawa aligeuzwa batamaji pamoja na ndugu zake, na majira ya baridi aliwafunika kwa manyoya yake wasigande.

Nilipenda kusikiliza. Shuleni kwetu Lubumbashi nilifundishwa nchi kwa wafalme wake, wakoloni wake na marais wake, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisimulia nchi nzima kwa wanawake tu na isipungue kitu. Nyumbani nilirudi nikimsimulia Tonton. Alimpenda nahodha. "Ule njo muke wa kweli," alisema. "Georgette, wewe ungekuwa na bateau, hata polisi ya Bruxelles ingekimbia." Tantine alimrushia kitambaa cha sahani.

Sasa niseme jinsi Madame Nuala alivyofanya kazi, maana ndimo balaa ilimoingilia. Hakuchora nguo kutoka kichwani, na hakukubali nguo mpya. "Nguo mpya haijui kitu," alisema. "Haina kiwiko, haina mgongo." Joho la mtakatifu lilikuwa blanketi la jirani yake mjane. Koti la nahodha aliliazima kwa mvuvi wa Ostende na likanuka samaki wiki mbili. Na nyuso pia alizichukua kwa watu waliokuwa karibu: muuza maua, mwalimu wa piano, yeye mwenyewe katika kioo. Mwezi wa kumi na moja ilibaki picha moja. Aliniweka mbele ya dirisha, akanigeuza kidevu kwa kidole, akasema amemtafuta mwanamke huyu mwaka mzima kumbe anamfagilia sakafu. Alinihitaji nipige magoti mbele ya beseni, nikifua. "Na uniletee shati la mwanamume. La zamani. La mtu anayefanya kazi."

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kupiga pasi. Katika kikapu kulikuwa na shati la Tonton, jeupe la mistari myembamba ya samawati, ambalo Tantine alilitia kiraka cha kitenge cha kijani kwenye kiwiko cha kushoto. Alilipenda kuliko mashati yake yote. Alikiita kiraka kile medali yake. Nililikunja nikalitia mkobani, sikuomba. Nilijiambia ni kwa siku moja. Msomaji wa kwetu amekwisha kushtuka, lakini kwa asiyejua nieleze. Kwetu, nguo iliyolowa jasho la mtu ni kipande cha mtu huyo. Huiachi nje jua likizama, humpi mgeni, na anayeichukua kwa siri anajulikana ana sababu gani: anataka kumloga mwenyewe. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Mama yangu alihesabu nguo kwenye kamba kila jioni. Lakini nilipopanda tramu ya Jette nilidhani ninakwenda mahali ambapo mambo hayo hayana nguvu, kama vile hewa ya kwetu ilikuwa imekomea kwenye mlango wa tramu.

Nilipiga magoti Jumamosi tatu, na shati likabaki kule. Maji yalikuwa baridi na dirisha lilikuwa na ukungu. Jumamosi ya pili Madame Nuala alichanganya rangi nyekundu, akaanza kuitia katika maji ya beseni pale kwenye picha, na katika kitambaa cha shati, polepole, kama mtu anayetia chumvi. Nikamuuliza mwanamke huyu ni nani. Akanieleza bila kuacha kuchora: huyu ni Mfuaji wa Kivukoni. Jeshi linakwenda vitani, linafika mtoni, linamkuta mwanamke anafua nguo zenye damu huku analia. Wanamuuliza ni nguo za nani. Anawaambia ni zao.

"Na mwenye nguo?" niliuliza.

"Haioni kesho."

Mikono yangu ilisimama majini. "Madame, shati hili lina mwenyewe."

"Kila shati lina mwenyewe. Ndiyo maana nilikuomba la kweli. Usisogeze kichwa, Solange, nimeupata mwanga."

Hatua niliyokosea ni hiyo. Wanafunzi wangu hufikiri kosa kubwa hufanywa kwa kutojua, mimi nilijua. Ningeweza kusimama, nikakamua shati, nikarudi nalo. Sikusimama, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitazama saa tatu mfululizo bila kutaka nimletee kitu. Katika picha ile uso wangu ulikuwa unatokea, mzito, mzuri, wenye umri mkubwa kuliko wangu, na nilitaka kuuona umekwisha. Mwezi uliopita nimeuona tena. Ni picha bora kuliko zote kumi na mbili. Mwanamke amepinda mgongo juu ya maji mekundu, amelikamata shati kama anayemshika mtoto anayezama, na kiraka cha kijani kinang'aa katikati ya damu ile yote.

Nyumbani Tantine alianza kutafuta.

"Solange, shati ya Tonton yako iko wapi? Ile ya kiraka."

"Sijui, Tantine."

"Hujui. Bon. Shati iko na miguu? Ilishuka escalier yenyewe?"

"Uiache, Georgette," Tonton alisema kutoka sebuleni. "Ilienda kutafuta bwana mwengine, mwenye tumbo. Mi siijaze tena."

Tulicheka wote watatu. Ilikuwa kweli: alikuwa amepungua, na mkanda wake ulikuwa na tundu jipya alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Alisema ni ngazi za hospitali, kwamba lifti imeharibika. Chakula alikisukuma pembeni ya sahani akakifunika kwa maneno. Nilikaa naye mezani kila siku na daftari langu la shule kando ya sahani, na katika daftari hilo nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri dalili za ugonjwa wa kongosho, na weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kugeuka manjano, na sikuona kitu. Nilipouliza shati Desemba, Madame Nuala aliniambia limeshika rangi, haitatoka, na atamnunulia Tonton jingine. Nilimwambia asijali. Tantine aliuliza tena wiki ya Noeli, na tena mwaka mpya, na kila mara nilijibu kwamba sijui.

Januari Tonton alianguka katika korido akiwa anasukuma kitanda. Wenzake walimlaza, wakamsukuma yeye. Tulipofika alikuwa anawatania kwamba wanakata kona vibaya. Lakini daktari alizungumza na Tantine mlangoni kwa sauti ya chini, na tangu siku ile Tantine alikwenda Jette kila siku na bukari ndani ya chombo cha kutunza joto, na kila siku alirudi na bukari ile ile.

Mkasa wenyewe ulifunguka saluni. Ilikuwa Jumamosi mwanzoni mwa Februari, katika Galerie d'Ixelles, kwa Maman Charlotte, mwanamke wa Likasi aliyemsuka Tantine tangu alipofika Ulaya na aliyejua habari za kila nyumba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye sinki, nywele zangu zimelowa, nikingoja zamu yangu. Nilisikia kila neno.

"Georgette, niliona mutoto wako ku affiche, ku picha ya matangazo."

"Mutoto gani? Miye siko na mutoto wa affiche."

"Solange! Eko ku vitrine ya librairie, pale Porte de Namur. Mukubwa vile. Anafula nguo. Nikasema, eh, mutoto amekuwa vedette na hatuambie. Njo nikasoma maandiko ya chini."

"Inasema nini?"

"Alors, ni exposition ya bamama ba Irlande. Bakubwa babo, ba reine, ba sainte, na ba histoire za zamani. Ule muke wa affiche, banasema, anafula nguo ya batu benye kuwa karibu kufa."

Mteja wa kiti cha pili alicheka. "Kumbe bazungu nabo beko na buloshi yabo!"

Saluni nzima ilicheka uchawi huo wa wazungu, na mimi nyuma ya pazia niliomba kicheko kile kisiishe. Kiliisha.

"Anafula nguo gani?" Tantine aliuliza.

"Shati. Nyeupe. Iko na kiraka ya kijani ku mukono."

Pazia lilivutwa. Tantine alikuwa amesukwa upande mmoja. Upande wa pili nywele zilisimama. Alinishika mkono, tukatoka hivyo hivyo, yeye na nusu ya kichwa, mimi na maji yakinitiririka shingoni, tukapita mbele ya maduka yote ya galeria ambayo yalimjua, tukaenda mpaka kwenye kioo cha duka la vitabu. Kisha aliweka kidole kwenye kioo, pale penye kiraka.

"Hii miye njo nilishona," alisema. "Nilikuuliza mara ngapi?"

"Nyingi, Tantine."

"Ukanijibu nini?"

"Sijui."

"Njo vile. Sijui." Hakupaza sauti. "Ulitoa nguo ya bwana yangu mu nyumba yangu, ukapeleka kwa batu, bakaitia mu damu. Na ulinicheka pa meza."

Nilimweleza. Nilimweleza Madame Nuala anavyofanya kazi, nguo mpya na nguo ya zamani, blanketi la jirani, koti la mvuvi. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilizidi kunifunga, kwa sababu yote yalianzia mkobani mwangu. Jioni mizigo yangu ilikuwa nje ya mlango, imekunjwa vizuri. Hata kwa hasira Tantine hakuweza kukunja vibaya. "Usikanyage mu chambre yake ku hospitali," aliniambia. "Ukiingia mule, nitaita batu wote." Kina mama wa kikundi chake cha maombi walipokezana kukaa na Tonton hospitalini, na mmoja wao siku zote alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Nilihamia kwa Madame Nuala. Kutoka dirisha la chumba alichonipa niliweza kuona paa la hospitali, na nilikuwa na haja moja tu duniani: niingie chumba kile kama mtoto wa nyumba, kabla Tonton hajafa. Mchana, baada ya masomo, nililinda ukumbi wa maonyesho. Watu walikuja wengi. Wanawake wa Kiirishi wenye skafu nzuri walinitaka niwaelezee, na nikawaelezea nahodha, fahali, joho na batamaji mpaka wakatoa machozi, na huko, kwa kweli, ndiko nilikojifunza kufundisha. Walipofika kwenye ile ya mwisho waliitazama, wakanitazama, wakapiga makofi. Mmoja aliniuliza kama ninajivunia. Nikasema ndiyo, nikaenda chooni kunawa uso.

Nilimwomba Madame Nuala aishushe. Nilimwambia Tantine akisikia imeshushwa huenda akalegea.

Aliweka kisu cha mkate chini. "Nikiishusha nitakuwa nimekubali kwamba umemuua mtu. Na wewe utakuwa umekubali. Unataka hivyo?"

"Nataka kumwona Tonton."

"Mfuaji hasababishi chochote, Solange. Wasomee hao wa kwenu hadithi yenyewe. Yeye ndiye pekee katika kisa chote anayewalilia wale watu kabla hawajafa."

"Wewe hukufukuzwa, Madame."

Kesho yake alifanya alichodhani ni wema: alivaa koti lake zuri, akaenda hospitali na shati ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa ameliloweka usiku kucha katika dawa ya kuondoa rangi, akalifua kwa mikono yake, akalipiga pasi. Alimkabidhi Tantine mlangoni pa wodi. Alinisimulia baadaye, ameketi ngazini bila kuvua koti, kwamba Tantine alifungua mfuko, akaona shati limefuliwa, akaliachia likaanguka sakafuni, na kina mama wa maombi wakaanza kuimba. Mpaka leo nikifikiri juu ya wanawake wale wawili pale mlangoni, kila mmoja na adabu zake zote, sijui nicheke au nilie. Madame Nuala alijua hadithi ile kuliko mtu yeyote Brussels, na haikumpitia akilini kwamba mfuaji sasa alikuwa yeye.

Siku nne baadaye simu ya nyumba ililia nikiwa ninaosha sahani. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini niliijua.

"Solange. Kuya leo ku trois heures."

"Tantine alinikataza, Tonton."

"Minajua. Eko apa pembeni yangu, ananiangalia vibaya. Kuya vile vile."

Nilipoingia chumbani mwake saa tisa alasiri, alikuwa amekuwa mdogo. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi huniuliza ni nini kinachowashtua ndugu wa mgonjwa, na jibu ni hilo: ukubwa. Tantine alisimama kando ya dirisha, mgongo kwetu. Mama wa maombi alikuwa ametumwa kununua maji. Tonton alinionyesha kiti.

"Bon. Banasema ulinifula," alisema. "Nieleze hii histoire. Wewe unaeleza muzuri. Usiruke kitu."

Nilimweleza mto, jeshi, nguo na damu. Alisikiliza macho yamefumba.

"Ule muke, njo anabaua?"

"Hapana, Tonton. Haue muntu. Anajua tu. Anajua mbele ya wengine, na analia."

"Anajua tu." Alifungua macho. "Basi ule muke ni miye. Georgette. Geuka."

Tantine hakugeuka.

"Nilijua tangu juin. Docteur aliniambia mu couloir, nilikuwa na malade ku kitanda, nikamupeleka kwanza. Nikamwomba asikuambie. Shati ilikuwa ingali mu kabati. Mutoto alikosa, alichukua kintu bila kuomba, umupige kwa ile. Lakini hii nyingine, hapana."

"Juin," Tantine alisema kwa dirisha. Juni: miezi mitano kabla sijalichukua shati.

"Juin."

"Mu août tulienda ku ndoa ya mutoto wa Charlotte. Ulicheza."

"Nilicheza."

"Ulijua, na ulicheza."

"Njo maana nilicheza sana."

Nilidhani huo ndio wakati nitakapofunguliwa. Nilikuwa kijana. Tantine aligeuka, na uso niliouona haukuwa wa mtu aliyetua mzigo. Ilinichukua miaka, na vitanda vingi vya watu wengine, kuelewa nilichokiona. Kwa wiki zile zote uchawi wangu ulikuwa umemsaidia. Maadamu ni mimi niliyemwua, mumewe hakuwa amemficha kitu; walikuwa wamekula, wamecheka na kulala kitanda kimoja bila uongo kati yao, mpaka mwizi wa nguo alipopita. Sasa Tonton alikuwa amemwondolea hata hilo. Alinitazama kwa hasira kubwa kuliko ile ya mbele ya kioo cha duka.

"Na wewe," alisema, "unasoma infirmière. Macho yake ilikuwa ya njano. Haukuiona?"

"Sikuiona, Tantine."

Alisimama pale, mkono kwenye fremu ya dirisha. "Miye pia sikuiona," alisema.

Tonton aliishi siku kumi na moja zaidi. Mimi nililala nyumbani tangu siku ile. Tantine hakuniomba radhi, wala mimi sikuthubutu kumwomba yeye. Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, tukapikiana, tukagombana juu ya mambo madogo, na neno la kuombana radhi halikutamkwa na yeyote kati yetu. Wanafunzi wangu wakitaka kujua ni lini nilipoanza kazi hii, nawatajia mwaka wa diploma. Si kweli. Nilianza mchana ule, dakika chache baada ya Tantine kusema kwamba yeye pia hakuona, pale maumivu yalipompanda Tonton akataka alazwe upande wa pili. Niliinyoshea mkono kengele ya wauguzi.

"Uiache," Tantine alisema. Alikuwa anakunja mikono ya blauzi yake. "Shika ule upande. Unionyeshe vile banabafundisha."

Nilimwonyesha. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, goti lako kwenye ukingo wa kitanda, usivute, hesabu mpaka tatu kwa sauti ili na yeye mgonjwa ajue. Alirudia nyuma yangu kila hatua kama mtoto wa shule, na alipokosea mahali pa kuweka mkono nilimshika kifundo nikamsogeza, na hakuuondoa.

"Polepole, batoto," Tonton alisema.

Tukahesabu, tukamgeuza.